Nzi wa Nyumbani kwa Mwishehe

Pale Temeke, njia ya mchanga inapokata kona kuelekea kisimani, palikuwa na ubao mnene uliotolewa kwenye lori bovu ukalazwa juu ya mawe mawili, na huo ndio uliokuwa bunge la wanaume wa mtaa ule. Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Hitila, picha ya Mfalme Joji bado imetundikwa dukani kwa Mhindi, na kila alasiri jua lilipopunguza ukali Nassibu alifika na dele lake la kahawa, anagonga vikombe, kach-kach-kach, watu wanatoka majumbani kama walioitwa kortini. Wenye ubao wao walikuwa watatu. Kulikuwa na Marijani, aliyekwenda kupigana Bama akarudi na koti la jeshi, na jina la Bama likamganda. Kulikuwa na Fakihi, ambaye mtaa mzima ulimwita Daktari, kwa kuwa alikuwa akifagia wodi za hospitali moja mjini mpaka akafukuzwa kwa kosa la kuwashauri wagonjwa. Na kulikuwa na Mwishehe, msuka vitanda vya kamba, mtu wa maneno machache, ambaye jina la utani hakupewa kwa sababu hakuna aliyewahi kupata la kumcheka. Mpaka nzi walipomwingilia nyumbani.

Siku hiyo Mwishehe alifika kabla ya Nassibu mwenyewe, akakaa kwenye ncha ya ubao, mikono magotini. Kusema kweli hakufuata kahawa. Mkewe, Zuena, alikuwa kwao Rufiji akimuuguza mama yake. Aliondoka na lori la Utete wakati watu wanapanda mpunga, na sasa mpunga huo ulikuwa umeshavunwa, umeshatwangwa, magunia yake yanapita barabara ya Kilwa kila kukicha, na Zuena hajatokea. Mwishehe alikuwa anajiambia kwamba lori lolote linalokuja kupitia Mbagala linaweza kuwa ndilo lililombeba. Na mwanamke yule alivyo msafi, mwanamke wa kufagia uwanja mpaka kuku anaona haya kupita, atafungua mlango akute nini? Nzi! Nzi kwenye chungu, nzi kwenye kata ya maji, nzi kitandani, wengine wanatembea juu ya kanga zake alizoziacha kambani.

Na lilikuwapo jambo jingine, ambalo hakuwa amemwambia kiumbe. Kila jioni alipopika alipakua sahani mbili. Moja yake, moja ya Zuena. Ya Zuena aliifunika kwa kawa, lile kawa la ukindu alilolisuka Zuena kwa mikono yake, akaiweka mkekani mahali pake anapokaaga. Ndivyo alivyokuwa akimwona marehemu mama yake akifanya kila baba aliposafiri: msafiri ana fungu lake, na mahali pake hapaachwi patupu mpaka afike. Basi sahani ile ililala, ikaamka, ikashinda kutwa kwenye joto la Temeke mpaka jioni inapokuja nyingine. Wewe na mie tunajua nzi walikuwa wanafuata nini. Mwishehe naye alikuwa anajua vizuri sana. Lakini kuliinua lile kawa asubuhi, kumwaga chakula, kisha kukaa anatazama mkeka mtupu, hilo lilimshinda. Alitaka dawa itakayowaondoa nzi na sahani ibaki palepale.

Nassibu akafika, akamimina, akawagawia.

— Jamani, mwenzetu leo ana neno, akasema. Mtazameni anavyokizungusha kikombe.

— Sina neno, akasema Mwishehe.

— Unalo, akasema Bama. Sema bwana'ngu, sie si watu wako?

Mwishehe akapiga funda, akakohoa.

— Nyumbani kwangu mna nzi.

Bama akacheka mpaka koti likamwanguka begani.

— Nzi! Temeke nzima ina nzi! Wewe ulitaka uletewe tausi?

— Wa kwangu wamepita kiasi. Bi Mwajabu wa chumba cha pili ameshanisema. Anasema wanashiba kwangu, kisha wanakwenda kwake kupumzika.

— Umefukiza? akauliza Daktari, amekunja uso kama mwenye kazi yake.

— Nimefukiza kivumbasi. Nikafukiza majani ya mwarobaini. Macho yangu yakatoka machozi mchana kutwa, wao wamekaa dirishani wananitazama.

— Ulimbo je? Hukutega ulimbo?

— Nilichemsha utomvu wa fenesi, nikapaka kwenye gazeti kuukuu, nikalitandaza sakafuni.

— Ikawaje?

— Akanasa paka wa Bi Mwajabu.

Hapo hata mpita njia mmoja aliyekuwa na ndoo kichwani alisimama kucheka. Mwishehe hakucheka. Aliona moyoni kwamba hawa watu hawajui anavyoumia, akajuta kufungua mdomo. Daktari akanyanyua mkono.

— Chekeni tu, washamba nyie. Nzi mie nimemsomea.

— Umemsomea wapi, nawe una ufagio mkononi? akauliza Bama.

— Palepale kwenye ufagio! Daktari wa Kizungu anasema, mie nafagia, nasikia. Sasa sikiliza, Mwishehe. Nzi haji nyumbani kwa miguu yake. Nzi anabebwa. Unatoka zako sokoni, yeye kakukalia mgongoni kama mtoto. Unafungua mlango, unaingia, umemkaribisha mwenyewe! Dawa yake ni moja. Ingia kinyumenyume.

— Kinyumenyume?

— Mgongo utangulie. Nzi akiona giza la ndani anashtuka, anaruka, anabaki nje. Wewe unafunga mlango. Kwisha!

— Na waliokwisha kuwamo?

Daktari akafikiri kidogo, akanywa kahawa.

— Hao unawatoa uso mbele. Wamekukalia mgongoni, watajuaje wanapelekwa wapi?

— Toba, akasema Nassibu. Na huyu ndiye alikuwa anashauri wagonjwa.

— Upuuzi huo, akasema Bama. Mie nimeishi na nzi kule msituni, nzi anayepenya buti. Hawa wenu watoto. Nzi ana jeshi, jamani. Ana amiri wake. Wewe kutwa unapigapiga na kirago, unaua makuruti, amiri yuko salama. Kaa kimya utazame: yuko mmoja hagusi chakula. Yeye kakaa juu kwenye boriti, anaangalia wenzake tu. Huyo ndiye. Muue huyo, wengine wote wanatupa silaha.

— Silaha gani? akauliza Mwishehe.

— Usiniulize maswali ya kiraia.

— Nimewatazama, Bama. Wote wanagusa chakula.

Alipolisema hilo alijiuma ulimi, lakini hakuna aliyemdaka. Nassibu alikuwa ameshachukua zamu.

— Mie siwaambii mambo ya jeshi wala ya hospitali. Nawaambia ya kikombe. Machicha ya kahawa, bwana Mwishehe. Yakaushe juani, yatie motoni, moshi wake nzi akiuvuta anapata kizunguzungu, anasahau hata amekuja kufanya nini. Anakwenda zake. Ila yanatakiwa machicha mengi, kwa hiyo itabidi mnywe sana.

— Na hawa waliokaa kwenye dele lako? akauliza Daktari.

— Hawa ni wateja.

Wakati wanacheka akaja mtu mgeni, kijana mrefu aliyevaa ovaroli la karakana ya reli, mikono imejaa grisi hata baada ya kunawa. Alikuwa Projestus, Mhaya wa Bukoba, aliyepanga nyumba ya ng'ambo ya njia siku chache tu nyuma, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuthubutu kuusogelea ubao.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, karibu, karibu. Sogea Daktari, mgeni akae. Nassibu, mpe mgeni kikombe.

Projestus akakaa nusu tako, akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akaonja, akatabasamu.

— Kwetu kahawa tunaitafuna, akasema. Punje zake. Mgeni akifika anapewa, anatafuna.

— Mnatafuna kahawa! Bama akamtazama kwa huruma. Ndiyo maana mkatuletea reli.

Mgeni hakulielewa hilo, wala Bama mwenyewe, lakini kila mtu aliona limesemwa vizuri. Wakampa habari ya nzi tangu mwanzo, pamoja na paka. Projestus alisikiliza, akaitika kwa kichwa. Alikuwa kijana wa adabu.

— Mie nasema hivi, Daktari akarudi ulingoni. Hatuwezi kutibu bila kumwona mgonjwa. Twende wote nyumbani kwa Mwishehe, sasa hivi, tukaone hao nzi wanakaa wapi.

— Naam! Bama akasimama, akafunga vifungo vya koti. Mie na Nassibu mlango wa mbele. Daktari, wewe uani, uingie huko kinyumenyume kwako. Mgeni abaki nje ya dirisha ahesabu wanaotoka.

— Hapana, akasema Mwishehe.

— Hapana nini?

— Hamwendi kwangu.

— Ala! Kwa nini?

— Basi tu. Hamwendi.

Alikuwa ameshika ukingo wa ubao kwa mikono miwili. Aliwaona wanaingia, viatu vyao mkekani, Bama ananyanyua kawa kwa ncha ya fimbo, anauliza hii ya nani. Nassibu, ambaye hakuwa na nia mbaya maskini ya Mungu, akapiga kofi pajani.

— Nimejua! Ana mwanamke ndani!

Walicheka Bama na Daktari, kisha wakaacha, kwa sababu uso wa Mwishehe ulikuwa umebadilika kabisa.

— Sina mwanamke ndani, akasema. Ningekuwa naye ningekaa na nyie hapa mpaka adhana ya magharibi, kila siku, kama mtu asiye na kwao?

Kuku wa jirani alipita mbele ya miguu yao akidonoa vipande vya kashata, hakuna aliyemfukuza.

— Nisamehe, kaka, akasema Nassibu. Nilitania.

— Najua.

Na kwa kuwa alishaanza, Mwishehe akayatoa yote. Akawaambia habari ya sahani mbili. Akawaambia habari ya kawa. Akawaambia kwamba juzi alipika kisamvu cha nazi kwa sababu Zuena anakipenda, akampakulia sehemu yenye tui zito, na alipofunika alimwambia kabisa, kwa sauti, haya mama, karibu. Alisema huku anatazama mchanga.

— Alipokuwapo, mie nilidhani nyumba yetu haina nzi, akasema. Wallahi nilidhani hivyo. Kumbe walikuwamo. Ni yeye aliyekuwa akikaa na kipepeo cha ukindu mkononi wakati ninakula, anapunga, anaongea anapunga, ananihadithia ya kisimani anapunga. Mie nakula tu. Sasa nikikaa kula peke yangu ndipo nawaona. Nashika tonge kwa mkono mmoja, nawapunga kwa mwingine, na hakuna anayenihadithia kitu.

Bama alikaa polepole. Akafungua vifungo vya koti alivyokuwa amevifunga.

— Basi, akasema, na sauti yake haikuwa ya jeshi tena, sahani haiondoki.

— Haiondoki, akasema Daktari.

— Tutafute njia sahani ibaki na nzi waende. Mwishehe, wewe fundi wa kamba. Mbona husuki susu? Susu nzuri ya wavu, unaitundika kwenye boriti, sahani inaning'inia juu, nzi yuko chini huko hana habari.

— Nzi ana mabawa, Bama, akasema Nassibu.

— Basi kamba ya susu ipakwe mafuta ya taa.

— Ana mabawa! Unayemsema wewe ni sisimizi!

— Shashi, akasema Daktari. Hospitali walikuwa wanafunika vidonda kwa shashi. Nzi anaona ndani, hawezi kuingia, roho inamwuma mwenyewe. Ninacho kipande nyumbani, kizima, kisafi. Nilipewa.

— Ulipewa au ulijipa?

— Kipande ninacho! Funika shashi, juu yake kawa, juu yake susu. Nitakuletea leo hii.

— Na mie nitakuletea machicha, akasema Nassibu. Mfuko mzima. Ufukize chini ya susu.

Mwishehe aliwatazama mmoja mmoja. Alikuja akiogopa kuchekwa, na sasa watu wazima hawa walikuwa wanagombana kuhusu sahani ya mkewe, wanainyanyua hewani, wanaivalisha, wanaifukizia. Macho yalimwasha, akajifanya amepata vumbi.

— Bibi yangu naye alikuwa akiweka fungu la msafiri, Daktari akasema, safari hii bila kujigamba. Babu alikuwa akienda kukata magogo ya mikoko. Ila bibi kukicha alimpa hilo fungu mpita njia wa kwanza anayepita uwanjani. Alikuwa akisema, wa kwangu naye huko aliko apewe na watu. Halikuwa linalala mpaka mchana.

— Hilo la mpita njia mie sikuliona kwa mama, akasema Mwishehe. Nilikuwa mdogo, nilikuwa nimelala.

— Basi nawe mpe mtu asubuhi. Nzi watakosa kazi.

— Na Zuena akifika asubuhi? Malori ya Rufiji hufika asubuhi, Daktari. Ateremke na njaa yake, aingie, akute nimegawa?

Nassibu aliwaongezea kahawa bila kuombwa. Kisha Bama, ambaye kwa kawaida hakujua kusema jambo polepole, akalisema polepole.

— Mwishehe, mwanakwetu. Mama yake anaendeleaje?

— Amepona.

Bama na Daktari wakatazamana.

— Amepona siku nyingi, akaendelea Mwishehe. Utingo wa lori aliniambia. Analima tena, anatwanga mwenyewe.

— Hata sie alituambia, akasema Bama. Tulikuwa tunakuficha.

— Najua. Na mie nilikuwa nawaficha nyie.

— Sasa kwa nini hujamfuata? Mke akienda kwao anafuatwa, hata wewe unajua. Atajileta mwenyewe barabarani na furushi kichwani, kama aliyefukuzwa?

— Anafuatwa aliyeondoka kwa ugomvi! Mwishehe alisema kwa sauti ya juu, ya kwanza siku ile. Sie hatukugombana. Hata neno baya hatukupeana. Aliondoka kwa ruhusa, nikambebea mzigo mwenyewe mpaka kwenye lori. Nikimfuata, wakwe zangu watauliza kulikuwa na nini. Nyie wenyewe hapa mtasema Mwishehe alimpiga mkewe, sasa kaenda kuomba radhi. Mimi sikumpiga. Nilimpa ruhusa akamuuguze mama yake. Mama akishapona, si unarudi?

— Alisema atarudi?

— Hakusema. Nilidhani ni jambo linalojulikana.

— Kamwulize basi.

Mwishehe akakiweka kikombe chini.

— Nimekwisha kwenda mpaka Mbagala kulisubiri lori, akasema. Nikalisubiri, likaja, likasimama, watu wakapanda. Nikarudi nyumbani. Kwa sababu, nisikilizeni, nikifika nikamwuliza, akaniambia harudi, je? Sasa hivi jioni nina kazi. Nina mtu wa kumpikia. Ninakuna nazi, ninachuja tui, nasema hili tui zito la kwake. Akishaniambia harudi, mie nitampikia nani?

Bama alitazama upande wa kisimani. Daktari, mwenye dawa ya kila kitu, alikuwa anafuta miwani yake ambayo haikuwa na kioo kimoja. Nassibu aliacha kugonga vikombe. Ndipo yule mgeni, Projestus, akajikohoza kwa adabu pale mwisho wa ubao.

— Samahani wazee. Mimi ni mgeni, sijui mambo ya huku.

— Sema mwanangu, akasema Bama.

— Mke wangu yuko Bukoba. Mwaka jana nilipata likizo ghafla, sikuwa nimempa habari. Nikafika jioni, watu wanakula. Nikakuta sahani ya ndizi pembeni, imefunikwa kwa jani la mgomba. Nikamwuliza, hii ya nani? Akasema, yako. Nikamwuliza, nani amekuambia nakuja? Akasema hakuna. Akasema huwa naiweka tu. Na mimi huku muda wote nilikuwa najisemea huyu mwanamke ameshanisahau, mbona kimya.

Akaona aibu kwamba amesema sana. Kisha akamgeukia Mwishehe.

— Nilitaka kuuliza kitu kimoja tu, mzee wangu. Na mkeo naye, huko kwao Rufiji, jioni kama hii, anamwekea nani?

Daktari alivaa miwani yake, akaivua. Nassibu akainamisha dele juu ya kikombe cha Mwishehe, pengine kwa kutojua afanye nini na mikono yake, yakatoka machicha mazito, tone kwa tone.

— Kahawa imekwisha, akasema kwa sauti ndogo.

Mwishehe alikuwa hasikii. Alikuwa anauona uwanja wa mama mkwe wake, umefagiwa vile Zuena anavyofagia, moshi unatoka jikoni. Alimwona Zuena ameinama juu ya chungu, anampakulia mama yake, anajipakulia mwenyewe, kisha anachukua sahani nyingine. Mama mtu anamwambia kitu. Zuena anajibu bila kugeuka, anafunika, anaketi pembeni na kipepeo chake, na kila lori linapovuma kule barabarani anainua kichwa. Miezi yote hii Mwishehe alikuwa akimwona mkewe akiondoka tu, mgongo wake juu ya magunia, vumbi linamfunika. Haikumjia hata siku moja kwamba huenda anangoja.

Akasimama, akajipangusa mchanga.

— Jua linazama. Nakwenda kupika.

— Haya, bwana'ngu, akasema Bama. Kapike.

Akaenda hatua kadhaa akielekea kwake. Akasimama katikati ya njia, akageuka.

— Bama.

— Naam.

— Yule dereva wa lori la Utete, unajuana naye?

— Tulikuwa naye jeshini.

— Mwambie aniwekee nafasi.

Bama hakusubiri kusikia ya pili. Alikuwa ameshaondoka mbio kuelekea barabarani, koti linapepea, na kikombe cha Nassibu bado kiko mkononi mwake.